Muganga, Muforoma, Daktari: Uhakiki wa Taswira za Daktari na Muuguzi katika Kiswahili cha Afya, kwa Mfano wa Ruziba, Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inahakiki taswira mbili zilizozoeleka katika mazungumzo na nyaraka za afya za Afrika Mashariki: daktari mwenye uamuzi na majivuno, na muuguzi mwenye utiifu na ukali. Inajengwa hoja kwamba taswira hizo zilizaliwa katika wodi ya hospitali kubwa. Zinapohamishiwa kwenye kituo cha afya cha mtaa kama Ruziba, ambako uamuzi wa kwanza ni wa muuguzi, zinaficha nani anafanya kazi gani na nani anabeba lawama. Ushahidi unatokana na majina ya kada za afya, historia ya mafunzo ya tiba chini ya Wabelgiji na Waingereza, migomo ya Kenya ya 2016 na 2017, na maana mbili za neno rufaa.

Utangulizi

Ruziba ni mtaa wa kusini mwa Bujumbura, upande wa Kanyosha, kando ya Ziwa Tanganyika na barabara iendayo Rumonge. Kirundi ni lugha ya nyumbani, Kiswahili husikika sokoni na kwenye mialo ya wavuvi, na Kifaransa ndicho huandikwa kwenye daftari la mgonjwa. Kwa mjadala wa mahusiano ya kazi kati ya madaktari na wauguzi, mtaa wa namna hii una faida moja kubwa: unamlazimisha mhakiki aanzie mahali ambapo daktari hayupo.

Katika mpangilio wa huduma za afya nchini Burundi, kituo cha afya ndicho mlango wa kuingilia, na hospitali ya wilaya iko ngazi inayofuata. Kituo kwa kawaida huongozwa na muuguzi, ambaye kwa Kifaransa cha wizara huitwa titulaire. Wenzake wengi ni wauguzi wa daraja la A2, yaani waliosomea kazi yao katika ngazi ya sekondari ya ufundi, pamoja na wasaidizi walio chini yao. Mama anayemleta mtoto mwenye homa kali saa nane za usiku hapokewi na daktari. Hupokewa na muuguzi, naye ndiye amsikilizaye, ampimaye malaria, aandikaye dawa, na aamuaye kama mtoto abaki au apelekwe mbele. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa kuchelewa saa mbili kunaweza kuugharimu uhai.

Maandishi mengi kuhusu madaktari na wauguzi, yawe ya kisosholojia au ya kisera, huanzia kwenye mzunguko wa asubuhi wodini: daktari mbele, wanafunzi wakimfuata, muuguzi amebeba mafaili. Picha hiyo si ya uongo. Ipo katika hospitali za Bujumbura kama ilivyo Muhimbili na Kenyatta. Kosa ni kuichukua kuwa kipimo cha mahali pote, kisha kuviona vituo kama vya Ruziba kuwa hospitali zilizopungukiwa kitu, badala ya kuwa sehemu za kazi zenye mpangilio wao wa mamlaka.

Majina na mzigo wake

Lugha huonyesha mpangilio huo kabla nyaraka hazijauona. Kirundi kina neno umuganga, linalomhusu mwenye kuponya kwa jumla. Mgonjwa hulitumia kwa daktari na kwa muuguzi bila wasiwasi. Kipo pia umuforoma, neno lililotoholewa kutoka Kifaransa infirmier, ambalo ni jina la kada. Kiswahili cha Bujumbura, kinachoishi bega kwa bega na Kirundi, kimelipokea jina muganga kwa upana uleule, jirani na munganga wa Kiswahili cha Kivu. Msomaji aliyezoea Kiswahili cha pwani huweza kushtuka hapa, kwa kuwa mtaani Dar es Salaam mganga ni wa kienyeji, ingawa serikali ya Tanzania ina Mganga Mkuu wake na kila zahanati ina Mganga Mfawidhi.

Ni rahisi kusema kwamba mgonjwa wa Ruziba anayemwita muuguzi “muganga”, au wa Tanga anayemwita tabibu “daktari”, hajui tofauti ya kada. Maelezo hayo hurudiwa mara nyingi katika semina, na ni mepesi mno. Mgonjwa hana haja na cheti kilichoning’inizwa ukutani. Anaita kwa kufuata kazi aliyofanyiwa. Aliyepimwa na kupewa dawa ametibiwa, na mwenye kutibu ni muganga. Kwa maana hiyo jina la mtaani lina usahihi ambao jina la ofisini limeukosa.

Hebu lizingatiwe neno muuguzi lenyewe. Linatokana na kitenzi uguza, na kitenzi hicho ni cha nyumbani kwanza: binti humuuguza mamaye, mke humuuguza mumewe. Ni kazi isiyo na malipo, isiyo na saa, na katika desturi nyingi ni kazi ya wanawake. Kiswahili sanifu kilipoichagua nomino hiyo kuwa jina la taaluma, kiliipa taaluma heshima ya huruma, lakini pia kiliifunga kwenye wajibu wa kifamilia ambao hakuna anayeuuliza bei. Daktari hana mzigo huo. Jina lake ni mkopo usio na kitenzi chake, na kitenzi alichopewa ni tibu, ndugu wa tiba na tabibu, vyenye asili ya Kiarabu na hadhi ya elimu. Hivyo lugha imekwisha kugawa kazi: mmoja hutibu, mwingine huuguza. Mgawanyo huo unapofikishwa Ruziba hauna mahali pa kukaa, kwa sababu anayetibu ndiye huyohuyo anayeuguza.

Suala la jinsia linaongeza ushahidi. Katika Kiswahili cha Kenya na Tanzania, nesi na sista huchorwa akilini kama mwanamke, kiasi kwamba mwanamume katika kazi hiyo huhitaji kuelezwa kwa nyongeza: nesi wa kiume. Sista lilikuja na masista wa misheni na vyeo vya wodi za Kiingereza. Katika Kirundi mambo yamegeuka. Umuforoma ndilo umbo la msingi, na anayehitaji nyongeza ni mwanamke: umuforomakazi. Sababu ni ya kihistoria: katika makoloni ya Ubelgiji waliofundishwa kwanza kuwa infirmiers walikuwa hasa wanaume. Waraka wa Shirika la Afya Duniani wa 2019, uliotumia takwimu za nchi 104, ulionyesha kuwa katika Kanda ya Afrika takriban asilimia 35 ya wauguzi ni wanaume, na asilimia 28 ya madaktari ni wanawake. Sera inayouchukulia mvutano wa kada hizi mbili kuwa mvutano wa mwanamume na mwanamke, kama ilivyo desturi katika maandishi ya Ulaya na Marekani, itausoma vibaya mkoa mzima wa Maziwa Makuu. Dharau kwa muuguzi ipo hata pale daktari na muuguzi wote wawili ni wanaume, na pengine pale ndipo inapoonekana wazi kuwa ni dharau ya daraja.

Urithi wa neno msaidizi

Daraja hilo lina historia, na historia hiyo imejaa neno moja: msaidizi. Shule ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 katika mji ambao leo ni Huye nchini Rwanda, iliwafundisha vijana wa Rwanda na Burundi kazi kadhaa za utawala wa kikoloni, mojawapo ikiwa ya wasaidizi wa tiba. Hawa walipima, walitibu na waliongoza vituo, lakini cheo chao kiliwatangaza kuwa ni mikono ya mtu mwingine, ambaye mara nyingi alikuwa mbali kwa siku nzima ya safari. Nchini Kongo, uhuru ulipofika mwaka 1960, hapakuwa na daktari Mkongo hata mmoja, bali walikuwapo wasaidizi wa tiba wenye uzoefu wa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani lilisaidia kuwapeleka wengi wao katika vyuo vya Ufaransa, nao wakarejea madaktari kamili baada ya masomo mafupi kuliko ya kawaida. Mpaka uliokuwa umeelezwa kama wa akili na maumbile ulivukwa kwa miaka michache.

Upande wa Waingereza haukutofautiana sana. Vijana waliosomea tiba Mulago na Makerere tangu miaka ya 1920 waliajiriwa kwa vyeo vilivyobeba neno hilohilo la usaidizi, wakalipwa chini ya Wazungu waliofanya kazi ileile. John Iliffe ameisimulia kwa kirefu safari yao ya kudai usawa katika kitabu chake cha 1998 kuhusu madaktari wa Afrika Mashariki. Jambo hili halikumbukwi vya kutosha katika vyama vya madaktari vya leo. Hoja wanazotoa wauguzi kuhusu cheo, mshahara na haki ya kusikilizwa ni hoja ambazo babu wa taaluma ya udaktari walizitoa wenyewe, mbele ya wakubwa waliowajibu kwamba msaidizi ni msaidizi.

Tanzania inatoa mfano ulio karibu zaidi. Tangu 1963 nchi hiyo ilifundisha kada ya Daktari Msaidizi, na kwa miongo kadhaa katika hospitali za wilaya ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa kuwatoa watoto. Aliyeshika kisu aliitwa msaidizi. Alimsaidia nani, ikiwa katika chumba kile hapakuwa na daktari mwingine?

Kupendekeza bila kupendekeza

Mwaka 1967 Leonard Stein, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika makala fupi kuhusu kile alichokiita mchezo wa daktari na muuguzi. Kwa maelezo yake, muuguzi hutoa ushauri kwa namna itakayomfanya daktari aamini kuwa wazo ni lake. Daktari naye huomba ushauri bila kuonekana kuomba. Sharti kuu la mchezo ni kutopingana hadharani. Mwaka 1990 Stein na wenzake waliurudia mjadala huo, wakaona kuwa wauguzi wa Marekani walikuwa wameanza kukataa kucheza.

Msomaji wa Kiswahili anautambua mchezo huu mara moja, kwa kuwa sarufi ya lugha yake ina vifaa vyake tayari. Kauli kama “Daktari, labda tungeiangalia tena dozi” ina mambo matatu kwa pamoja: cheo kinatangulia, nafsi ya wingi inaufanya uamuzi kuwa wa wote, na kiambishi cha masharti kinaliondolea pendekezo makali. Ni adabu nzuri, na katika shughuli nyingine za maisha haina dosari. Katika dozi ya mtoto ina hatari, kwa sababu asiyesikia onyo lililofunikwa namna hiyo hawezi kulaumiwa kwa kutolisikia, na aliyelitoa atasema alikwisha kusema.

Hata hivyo Stein hatoshi kuielezea Ruziba. Mchezo wake unahitaji wachezaji wawili chumbani. Kituoni muuguzi yuko peke yake na uamuzi, na daktari ni sauti ya simu au maandishi yatakayosomwa kesho. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa nchini Burundi Januari 2023, uliougusa mji wa Bujumbura, unaeleza vizuri kazi hiyo. Tiba ya kipindupindu si ya vifaa vikubwa. Ni kukadiria maji yaliyopotea, kuyarudisha kwa kinywa au kwa dripu, na kukadiria tena baada ya nusu saa. Mgonjwa huokolewa na mtu asiyeondoka kitandani pake. Ripoti huandika idadi ya wagonjwa na ya vitanda, na kazi ya kukadiria usiku kucha haina safu yake.

Kwa hiyo tatizo la kituoni ni kinyume cha lile la Stein. Wodini muuguzi ana maarifa ila hana ruhusa ya kuyatamka. Kituoni ana ruhusa ya kila kitu mpaka jambo liharibike, na hapo huulizwa kwa nini alivuka mipaka ya kada yake.

Ukali

Taswira ya muuguzi mkali, mwenye kufokea wajawazito, ndiyo inayojulikana zaidi na wananchi, na haiwezi kufutwa kwa kusema ni dhana potofu tu. Wanawake wengi wa eneo hili wamefokewa, na wengine wamepigwa, katika vyumba vya kujifungulia. Rachel Jewkes na wenzake, waliochunguza hali hiyo Afrika Kusini na kuchapisha mwaka 1998, waliihusisha na wauguzi waliotafuta kulinda hadhi yao ya kitabaka na kushika udhibiti katika mazingira yaliyowanyima vyote viwili. Maelezo hayo yanafaa kusomwa Burundi pamoja na tarehe mbili.

Mei 2006 serikali ya Burundi ilifuta malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto chini ya miaka mitano. Ulikuwa uamuzi wa manufaa makubwa, na vituo vilijaa. Mwaka 2010 utaratibu wa kulipa vituo kwa kadiri ya huduma zilizotolewa ulienezwa nchi nzima na kuunganishwa na huduma hizo za bure. Katika utaratibu wa namna hiyo, sehemu ya fedha hugawiwa wafanyakazi kama marupurupu, na cheo huingia katika hesabu. Anayezalisha usiku na asiyezalisha wanaweza basi kutofautiana kwa namna isiyofuata kazi. Hakuna kati ya haya kinachomfariji mama aliyepigwa kofi. Lakini mshauri wa sera anayeandika semina ya “lugha nzuri kwa wateja” kuwa dawa pekee ya ukali anaitibu dalili, na tena anaitibu kwa muuguzi peke yake, kana kwamba kufokewa hakukuanzia juu yake.

Upande wa pili wa taswira, yaani daktari mwenye majivuno, umeandikwa sana na hauhitaji kurefushwa hapa. Inatosha kusema kwamba daktari kijana aliyetumwa hospitali ya wilaya, akiwa na wauguzi wenye miaka ishirini kazini, mara nyingi huficha hofu nyuma ya cheo.

Migomo ya Kenya

Kama kuna tukio lililozipima taswira hizi mbele ya umma, ni migomo ya Kenya. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kuanzia tarehe 5 Desemba 2016 hadi 14 Machi 2017, siku 100, wakidai mkataba wa pamoja uliotiwa saini mwaka 2013 utekelezwe. Februari 2017 viongozi saba wa chama chao walifungwa kwa kukaidi amri ya mahakama, wakaachiwa baada ya siku chache. Wauguzi nao waligoma kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba mwaka huohuo, takriban siku 150.

Katika mgomo wa kwanza walisemwa madaktari kwa uroho. Katika wa pili walisemwa wauguzi kwa ukatili. Lakini maana ya migomo haimo katika maneno hayo. Wauguzi walipotoka, madaktari walikuwapo na mishahara yao ilikuwa imetatuliwa, na bado wodi nyingi zilifungwa na kina mama wakatafuta pa kujifungulia kwingine. Daktari bila muuguzi hakuweza kulaza mgonjwa. Yule aliyedhaniwa kuwa mkono alionekana kuwa ndiye mwenye nyumba. Jambo la kusikitisha ni kwamba kada hizo mbili ziligoma kwa zamu, kila moja na mkataba wake, na mwajiri akazungumza na kila moja kwa wakati wake. Uadui wa kada ulimfaa zaidi yeye kuliko walioubeba.

Rufaa

Mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wa Februari 2021 ulikubali Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Tafsiri za miongozo ya afya zitafuata, na watafsiri watakutana na majina yaliyojadiliwa hapa. Hatari iliyo karibu ni kuchukua ngazi za Kifaransa na za Kiingereza, kuzivisha maneno ya kamusi, na kuandika muuguzi “husaidia” pale ambapo huamua. Hatari nyingine ni kuisifu lugha ya mtaani kupita kiasi. Kumwita muuguzi muganga kunamtambua, ila kunaweza pia kuipa serikali kisingizio cha kutompeleka daktari mahali anapohitajika, na kumlipa muuguzi kwa heshima badala ya fedha. Jina sahihi linapaswa kuandamana na mamlaka yaliyoandikwa kisheria, ili anayeamua usiku alindwe asubuhi.

Neno moja lastahili uangalifu wa pekee. Kumpeleka mgonjwa hospitalini kwa Kiswahili huitwa kumpa rufaa, na rufaa kwanza ni neno la mahakama: ni kupeleka shauri kwa hakimu wa juu ili hukumu ya chini ipitiwe. Muuguzi wa kituoni, kwa neno hilo, anaonekana kama hakimu wa chini anayekiri kushindwa, na daktari kama hakimu wa juu asiyewiwa jibu. Kifaransa cha wizara angalau kina contre-référence, barua inayorudi kutoka hospitali kwenda kituoni na maelezo ya alichokutwa nacho mgonjwa na alichofanyiwa, ingawa udhaifu wa barua hiyo kutorudi unajulikana katika nchi nyingi za eneo hili. Kiswahili cha afya bado hakijaipa barua hiyo jina lililozoeleka, na kitu kisicho na jina ni vigumu kukidai. Jibu la rufaa ni jina linaloeleweka kwa kila msomaji. Fomu ya Kiswahili itakayotayarishwa, ikipitia Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki huko Zanzibar au wizara za nchi moja moja, iwe na karatasi mbili zenye namba moja: ya kwanza ikiwa na nafasi ya uamuzi na sababu za muuguzi aliyempeleka mgonjwa, ya pili ikiwa na nafasi ya jibu la daktari, likiandikwa kwa jina la muuguzi huyo na kutumwa kituoni kwake kabla mgonjwa hajaruhusiwa.